Je, wajua kwa nini askari wa vifaru wa Poland walikuwa na bega moja jeusi?

Ukishika gwanda la askari wa Divisheni ya Kwanza ya Vifaru ya Poland, la enzi za Vita Kuu ya Pili, utadhani fundi alipitiwa. Kile kitambaa cha begani kinachobeba cheo ni cha kaki upande wa kulia, na kushoto ni cheusi tititi.

Fundi hakupitiwa. Mwaka 1939 Stanisław Maczek, wakati huo kanali, aliongoza Brigedi ya 10 ya Wapanda Farasi, ambayo ilikuwa imeshaacha farasi na kutumia magari. Makoti yao meusi ya ngozi yaliwapa jina la Brigedi Nyeusi. Septemba mwaka huo, Poland ilipozidiwa, walivuka mpaka kuingia Hungaria. Wengi walifika Ufaransa, nayo ilipoanguka mwaka 1940 wakakimbilia Uingereza. Mwaka 1942, huko Scotland, Maczek akaunda divisheni mpya. Sare zilikuwa za Kiingereza, na makoti hayakuwepo tena. Weusi wake wakauhamishia bega la kushoto.

Mkononi askari hao walikuwa na beji ninayoipenda kuliko zote: duara la rangi ya chungwa, ndani yake kofia ya chuma yenye bawa, vyote vyeusi. Bawa hilo ni la husaria, wapanda farasi wa Poland wa karne ya 16 na 17 waliovaa mabawa ya manyoya mgongoni.

Kwa kuwa beji hizi zina bei, za kughushi ni nyingi. Usianze na uso wa beji, igeuze. Tazama nyuzi za nyuma, kisha uimulike kwa taa ya urujuanimno (UV) gizani. Nyuzi za kisasa mara nyingi hung'aa kwa weupe wa samawati, ilhali za wakati wa vita kwa kawaida hazing'ai hivyo. Kwenye gwanda, inua kile kitambaa cheusi: kama kimekaa hapo miaka mingi, kaki ya chini yake haijapauka kama ya pembeni.

Beji halisi nyingi hupatikana Scotland, maana baada ya vita askari wengi hawakurudi kwenye Poland ya Kikomunisti. Maczek mwenyewe alivuliwa uraia mwaka 1946, akauza vinywaji baa mjini Edinburgh. Alifariki mwaka 1994, akiwa na miaka 102, akazikwa pamoja na askari wake huko Breda, mji wa Uholanzi walioukomboa Oktoba 1944.