Je, Wajua Kwa Nini Radi za Ziwa Victoria Hupiga Zaidi Usiku?

Anayelala Kirumba au Igombe huamshwa mara nyingi na ngurumo za upande wa ziwani kabla ya alfajiri, ilhali ndugu yake aliyeko Kwimba, mbali kidogo na maji, amezoea mvua inayoanza saa tisa au saa kumi alasiri. Wote wawili wamo katika mkoa mmoja, Mwanza, na msimu mmoja wa vuli. Kinachowatofautisha ni ziwa lenyewe.

Ardhi hupata joto upesi na kulipoteza upesi; maji hayafanyi hivyo. Mchana jua likiunguza nchi kavu, hewa iliyo juu yake hupanda, na upepo mwanana wa ziwani huingia kuchukua nafasi yake, ndiyo maana mawingu ya alasiri hujengeka bara. Usiku mambo hugeuka. Vilima na nyanda za pande zote hupoa, lakini uso wa ziwa, lenye eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, hubaki na nyuzijoto zinazokaribia 25. Hewa ya baridi huteremka kutoka Tanzania, Kenya na Uganda kuelekea majini, na kwa kuwa ziwa limezungukwa na nchi kavu, pepo hizo hukutana zikitoka pande zote, zikakosa pa kwenda isipokuwa juu. Zinapopanda hubeba mvuke mwingi wa ziwa, na mvuke huo ukigeuka matone hutoa joto linalozidi kulisukuma wingu, hata kilele chake kikafika kilomita zaidi ya 12 angani; hayo ndiyo mawingu ya radi.

Pepo za mashariki husukuma mkutano huo upande wa magharibi, na hivyo Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, karibu maradufu ya Mwanza.

Katika ukanda wetu hewa hufikia kiwango cha kuganda kwenye kimo cha kilomita tano hivi, kwa hiyo sehemu ya juu ya mawingu haya huwa na barafu nyingi. Kilele cha Kibo mlimani Kilimanjaro, chenye mita 5,895, kimepita kimo hicho na hupokea theluji; Mwanza, iliyo kwenye mita 1,100 na kitu, hupokea maji, au mvua ya mawe pale vipande vya barafu vinapokuwa vikubwa mno kuyeyuka njiani.

Linalonigusa zaidi ni wavuvi wa dagaa, ambao huingia majini jioni na taa zao, hasa usiku usio na mbalamwezi, yaani saa zilezile za hatari. Mvua nzito inaposhuka huvuta hewa baridi, nayo ikigonga maji husambaa kwa kasi na kutangulia mvua yenyewe, kiasi kwamba anayesubiri tone la kwanza ndipo ageuze mtumbwi huwa amekwisha kuchelewa.

Mtabiri anaweza kujua siku moja kabla kwamba hewa ina unyevu wa kutosha na pepo zitakutana, ila hawezi kutaja wingu gani litapasukia wapi. Hilo huonekana kwa rada, kama ile ya Mamlaka ya Hali ya Hewa iliyopo Mwanza, wingu likiwa limeshaanza kukua na muda uliobaki ni mfupi. Ndiyo sababu angalizo la usiku hutaja eneo zima la ziwa, na haliwi limekosea eti kwa sababu tu Kirumba kulipambazuka kukavu: huenda dhoruba ilipiga karibu na Ukerewe.