Nadharia Hukubaliwa kwa Kipimo Gani?

Wanafunzi na wazazi wa hapa Moshi hutuuliza mara kwa mara: kama sayansi ni kweli, mbona wanasayansi jana walisema hivi na leo wanasema vile? Swali ni halali kabisa. Mara nyingi kilichobadilika ni kiwango cha ushahidi kinachodaiwa kabla ya jambo kukubaliwa.

Chukua mlima wetu. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliona theluji juu ya Kilimanjaro, akatoa taarifa. Wachagga walikuwa wakiiona tangu enzi na enzi, lakini neno lao halikuhesabiwa. Kule London, mwanajiografia William Cooley alikataa katakata kwamba kuna theluji karibu na ikweta. Karl Klaus von der Decken alikuja na vifaa vya kupimia mwaka 1861, na mwaka uliofuata akapanda kupita mita 4,000. Wengi wakaridhika, Cooley hakuridhika. Kudai vipimo hakukuwa kosa lake. Kosa ni kwamba hata vilipoletwa hakuvipokea.

Mfano wa Erasto Mpemba una mengi zaidi. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari Magamba, Lushoto, aliwahi nafasi kwenye friza kwa kuingiza maziwa ya aiskrimu yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Wanafunzi wenzake walicheka, ila Osborne aliagiza jaribio lifanywe. Makala yao ilichapishwa mwaka 1969, Mpemba akisoma chuo cha wanyamapori Mweka, hapa hapa jirani.

Aristotle alikuwa ameshalitaja jambo hilo, la maji ya moto kuganda kabla ya yale ya baridi, zaidi ya miaka 2,000 kabla, na zama zake neno la mwanafalsafa lilitosha. Mwaka 1969 ilibidi kupima na kuchora grafu. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, walirudia vipimo kwa uangalifu mkubwa wasiuone ushahidi wa maana. Walionyesha pia kwamba ukisogeza kipimajoto sentimita moja tu juu au chini ndani ya chombo, unaweza kupata jibu tofauti. Mwaka 2020 watafiti wengine nchini Kanada waliachana na kugandisha maji, wakachunguza chembe moja ndogo mno wakirudia jaribio mara elfu na zaidi, na humo tabia inayofanana na ile ya Mpemba ikaonekana wazi.

Kuhusu maji yenyewe, mjadala haujafungwa. Anayeleta matokeo mapya leo ataulizwa kwanza anahesabu kuganda kuanzia wapi: chembe ya kwanza ya barafu, au chombo kizima? Kisha ataulizwa kipimajoto kilikaa wapi, na alirudia mara ngapi.