Hata injini kubwa haivuti maji kutoka kila kina

Wakulima wengi wa viazi na mboga Mbeya huamini kwamba pampu ya petroli ikishindwa kuvuta maji, dawa ni kununua yenye injini kubwa zaidi. Imani hiyo inaeleweka, maana injini kubwa kweli husukuma maji mbali zaidi.

Kuvuta ni habari nyingine. Pampu huondoa hewa iliyomo ndani ya mpira wa kunyonyea. Kinachopandisha maji ni uzito wa hewa ya nje unaoyakandamiza. Pwani, uzito huo huyainua mita 10 hivi, basi. Mbeya mjini, takriban mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi: ukomo ni kama mita 8, na kwa msuguano ndani ya mpira, kazini tegemea 6 tu.

Jipimie. Funga jiwe kwenye kamba, lishushe kutoka pampu ilipo hadi liguse maji, kisha pima kamba kwa futi kamba. Zikizidi mita 6 ukiwa mtoni, chimba ngazi ukingoni uisogeze pampu chini. Kisimani usiishushe kamwe, tafadhali: moshi wake unaua. Huko tumia pampu ya kuzamishwa, inayosukuma kutoka chini. Mita zikiwa pungufu ya 6 na pampu bado haivuti, kagua maungio ya mpira. Tundu dogo la hewa linatosha kuikwamisha.