Soma kilo kabla ya bei: vifaa vya ziada vya helikopta ndogo huku pwani

Mtu anayetaka kununua helikopta ndogo ya injini ya tabaini (jamii ya injini za ndege za jeti) kwa kazi za Malindi, Watamu na Lamu huniuliza kwanza habari ya kiyoyozi. Baada ya hapo huja viti vya ngozi. Orodha ya vifaa vya ziada anayopewa na muuzaji ni ndefu, kila kifaa kimepigwa picha kikang'aa na bei imewekwa pembeni. Uzito nao umeandikwa, ila kwa herufi ndogo. Mimi ni fundi wa helikopta, kazi yangu iko hapa Malindi, na kila mteja namwambia asome safu ya kilo kabla hajatazama safu ya bei.

Tuchukue mfano wa Robinson R66. Uzito wake wa juu kabisa wa kuruka ni kilo 1,225. Kwa vipimo vya kiwandani, ikiwa haijaongezwa kitu na tangi limejaa pomoni, kinachobaki kwa rubani, abiria na mizigo ni kilo 416 hivi. Ina viti vitano. Pakia watu watano wa kilo 80 kila mmoja, tayari ni kilo 400. Zimebaki 16, na bado hakuna aliyeingiza begi. Kiyoyozi cha helikopta ya ukubwa huu kina kilo kama 20. Hesabu imeshakataa kabla hatujagusa kitu kingine chochote kwenye ile orodha.

Unaweza kupunguza mafuta, na marubani ndivyo wafanyavyo. Lita moja ya mafuta ya ndege ina gramu 800 hivi, kwa hiyo kilo 20 ni lita 25. R66 hunywa lita 85 hadi 90 kwa saa. Kiyoyozi basi kimekula kama dakika 17 za kuwa angani, hata siku ambayo hukukiwasha. Kutoka Malindi hadi uwanja wa ndege wa Manda, ule wa Lamu, kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 140, dakika 40 hivi, na ukienda kutua kwenye mchanga mbele ya hoteli hakuna pampu inayokusubiri. Dakika 17 kwenye safari ya namna hiyo si kitu cha kudharau.

Wengi hudhani shida ya joto letu ni nguvu ya injini. Ni kweli kwamba joto huifanya hewa iwe nyepesi: mchana wa kaskazi, kipimajoto kikisoma nyuzi 32, helikopta iliyoegeshwa usawa wa bahari huruka kana kwamba iko zaidi ya mita 600 juu. Lakini injini ya RR300 iliyomo kwenye R66 ina uwezo wa nguvufarasi 300, na mtengenezaji anaruhusu 270 tu wakati wa kupaa, tena kwa dakika 5, kisha 224 mfululizo. Ile akiba iliyofichwa ndiyo inayoibeba siku za joto. Hapa ufukweni, kwa hiyo, nguvu haiishi upesi. Kilo ndizo zinazoisha. Hesabu hubadilika helikopta hiyo hiyo ikiitwa Nairobi. Uwanja wa Wilson uko karibu mita 1,690 juu ya bahari, na huko kila kilo uliyoifunga kwa ajili ya starehe ya Watamu utaidaiwa mara ya pili.

Sasa, kama kilo ni chache hivyo, nani apewe kwanza? Mimi hutanguliza bahari.

Tazama ramani. Ukitoka Malindi ukaelekea Manda moja kwa moja, ukishaipita Ngomeni na San Marco, yale majukwaa ya zamani ya kurushia roketi, pwani inajikunja kuingia ndani, nawe unaikata Ghuba ya Ungwana. Ukiwa katikati ya ghuba, nchi kavu iko mbali mno. Injini ikizima, R66 huteleza kama kilomita moja na nusu kwa kila futi 1,000 za kimo. Rubani aliye futi 1,500 ana kilomita mbili na ushei, basi. Ama afuate ukanda wa pwani, ambayo ndiyo tabia ninayoipenda, ama awe na maboya ya dharura.

Maboya haya ni mifuko ya kitambaa kizito iliyokunjwa kwenye vyuma vya miguu, na mtungi wa gesi ya heliamu huijaza rubani akivuta kishikio cha kuufungulia. Kwa R66 yana uzito wa kiasi cha kilo 30. Najua ni uzito wa kiyoyozi na nusu. Ila helikopta, tofauti na boti, imebeba injini na pangaboi zake juu, kwa hiyo ikitua majini bila maboya hupinduka mara moja. Hata yenye maboya yaweza kupinduka mawimbi yakiwa makubwa, ndiyo maana jaketi okozi zinatakiwa ziwe zimevaliwa viunoni tangu kupaa. Zikiwa chini ya kiti hazikusaidii. Na abiria aambiwe kwa lugha anayoielewa: usilijaze jaketi ukiwa bado ndani. Likijaa, litakubana kwenye dari huku maji yakipanda, na mlango utauona tu bila kuufikia. Maelezo hayo hayana uzito hata wa gramu moja, na nasikitika sana kila nikiona yanaharakishwa kwa sababu wageni wanapiga picha.

Baada ya bahari yenyewe, inakuja chumvi yake. Huu ndio upande ambao mnunuzi haulizi kabisa, na ndio unaokula pesa nyingi kuliko vyote. Upepo wa kusi ukivuma, hewa ya huku inakuwa na chumvi usiyoiona, na injini ya tabaini huvuta hewa nyingi mno. Ile chumvi hushika kwenye mapanga ya kompresa, sehemu ya injini inayovuta na kubana hewa, hewa ikapita kwa shida, injini ikafanya kazi kwa joto zaidi ili kutoa nguvu ile ile. Kule nyuma penye moto, chumvi ikikutana na salfa ya mafuta huanza kuila metali ya tabaini yenyewe. Hutaona dalili yoyote kwa nje.

Dawa yake ni kuiogesha kila jioni baada ya safari ya mwisho. Injini huachwa ipoe kwanza. Kisha naunganisha mpira kwenye kiunganishi cha maji, mwenzangu anakaa kwenye kiti cha rubani, ananiangalia mkono. Nikimpa ishara anazungusha injini kwa stata bila kuwasha moto, nami nafungulia maji safi yaliyoondolewa madini. Maji ya bomba ya huku yana chumvi yake, usiyatumie. Yanaingia mbele kama ukungu na kutokea kwenye bomba la moshi. Baada ya wiki ya upepo mkali, maji ya mwanzo hutoka na rangi ya kijivu. Tunarudia hadi yatoke meupe, tukiheshimu muda ambao stata inaruhusiwa kuzunguka. Mwisho injini inawashwa ili ijikaushe, kwa sababu kuiacha na unyevu usiku kucha ni kuiharibu kwa mkono wako. Kwa hiyo kwenye orodha yako ya vifaa, kiunganishi maalumu cha kuoshea kompresa kisikukose. Ni kifaa kidogo, na fundi wako ataiosha kompresa bila kufungua vifuniko kila jioni.

Mchanga ni ndugu wa chumvi. Anayetua Shela au kwenye fukwe za Mambrui anapuliza wingu zima kuelekea mdomo wa injini yake. Mashine kama Bell 206 na H125 huweza kufungwa chujio la hewa la tabaka za pamba iliyotiwa mafuta, ambalo hushika hata vumbi laini. Mifumo mingine huizungusha hewa ili chembe nzito zitupwe pembeni. Chujio la pamba linazuia zaidi, ila linahitaji kuoshwa na kutiwa mafuta upya. Kwa kazi ya fukweni mimi nachagua chujio bila kufikiri mara mbili.

Hapo ndipo starehe inapoingia, na isidhaniwe kuwa naichukia. Abiria anayelipa pesa nyingi kuiona Delta ya Tana kutoka juu ana haki ya kukaa vizuri. Nasema tu starehe nzuri kuliko zote ni ile isiyo na uzito.

Hedseti ndizo za kwanza. Kelele ndiyo inayomchosha abiria kuliko joto, na hedseti zinazofuta kelele kwa umeme hubadilisha safari nzima: watu wanaongea kwa sauti ya kawaida, mtoto halii, mzee anashuka bila kichwa kumuuma. Nunua nzuri kwa viti vyote, hata kile cha katikati nyuma ambacho hupewa iliyochakaa. Sponji zake zifutwe kila siku, maana jasho na chumvi huzifanya zipasuke.

Kisha ni jua. Sehemu kubwa ya joto ndani ya helikopta imeingia ikiwa imeegeshwa, kupitia vioo. Turubai jeupe linalofunika kibanda chote, likivaliwa dakika tano baada ya pangaboi kusimama, linafanya kazi kubwa kwa bei ndogo, nalo hubaki chini. Vioo vyenye kivuli cha rangi viagizwe tangu kiwandani. Na vioo hivi ni vya plastiki: mtu akivifuta na kitambaa kikavu huku vina mchanga, ameshavikwaruza daima. Mwaga maji safi kwanza, ukitelezesha kiganja mpaka usihisi punje, ndipo utumie pamba laini.

Viti vya ngozi? Kwa mtu wa safari za mikutano, sawa. Kwa wageni wanaopanda wakitokea kuogelea, kitambaa kigumu kinachofuliwa ni bora, au ngozi ya rangi hafifu yenye vitundu. Ngozi nyeusi iliyopigwa jua la saa saba inaunguza mapaja, na nyuzi zake huoza kwa maji ya chumvi. Soketi za kuchajia simu weka, hazina neno. Milango ya kuvuliwa kwa ajili ya wapiga picha ni jambo zuri pia, mradi kila kofia, kitenge na kifuniko cha kamera kifungwe. Kikipeperuka kinaelekea kwenye pangaboi la mkia.

Kifaa kimoja ambacho naona watu wanakiruka kwa kukosa kukijua ni mfumo wa kumsaidia rubani kuishikilia helikopta. Kwa R66 kuna HeliSAS, ambao una uzito usiozidi kilo 7. Magharibi ikikaribia, bahari na anga vikawa rangi moja na upeo ukapotea kwenye ukungu, kifaa hicho kinaishika mashine isielemee upande wakati rubani anasoma ramani. Kati ya kilo 20 za baridi na kilo 7 hizi, mimi sioni mashindano.

Kiyoyozi chenyewe basi? Kifunge kama kazi yako ni ya watu watatu au wanne, safari fupi, na Disemba hadi Machi ndiyo msimu wako. Ila ujue kwamba mapezi ya alumini ya kupozea hewa huliwa na chumvi haraka, yaoshwe kwa maji yasiyo na chumvi kila wiki.

Chochote utakachochagua, mwambie muuzaji akifunge kiwandani ikiwezekana, hasa viungo vya maboya na nyaya za umeme. Kukiongeza baadaye kunataka michoro iliyoidhinishwa kwa aina hiyo ya helikopta, kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, hesabu ya kama jenereta inamudu, na kuipima upya uzito na mahali kilipo kitovu chake cha uzito. Ukinunua iliyotumika, usipokee uzito ulioandikwa kwenye makaratasi ya zamani. Ipandishwe mizanini mbele yako, tangi likiwa limekaguliwa. Kama ina maboya, omba uone tarehe ya mwisho ya kupimwa mtungi wa heliamu na ya kufunguliwa mifuko, kisha pitisha kidole kwenye mikunjo ya kitambaa: kikiwa kikavu na chenye nyufa, toa bei ya maboya mapya kwenye bei anayokutajia.