Kabla ya Kumwita Dereva Mwizi: Lori Linavyokula Mafuta Kati ya Mtwara na Newala

Msimu wa korosho ukifunguliwa, karakana ya chuo chetu hapa Mtwara hupata wageni wa aina mbili: wenye malori mabovu, na wenye malori mazima wanaotaka tuwathibitishie kwamba dereva anaiba. Mzee mmoja alikuja na daftari lililokunjamana. Lori ni lilelile, madereva wawili, kilomita karibu sawa. Mmoja kafika mafuta yamebaki, mwenzake kapiga simu akiwa njiani anaomba ya kuongezea. "Mwalimu, huyu ananinyonya," akasema.

Sisemi wizi wa dizeli haupo. Upo, na mpira wa kunyonyea hata watoto wa stendi wanaujua. Lakini daftari la mzee lilikuwa na safu mbili tu, kilomita na lita. Nikamuuliza: huyo aliyebakiza mafuta alikuwa anapanda au anashuka?

Hapo wengi hukwama, maana ukitoka Mtwara kwenda Newala kwa njia ya Tandahimba, mlima huuoni. Uwanda wa juu wa Wamakonde huinuka polepole kutoka pwani; ukali wake uko upande wa Masasi, ambako kona zinajionyesha zenyewe. Dereva anajiona yuko tambarare, kumbe akifika Newala ameshalipandisha lori zaidi ya mita 600. Tuchukue semi-trela ya saruji, gari na mzigo tani 45. Kuziinua tani hizo mita 100 tu kunataka kama lita 3 za dizeli, kwa injini nzima inayogeuza takriban asilimia 40 ya nguvu ya mafuta kuwa kazi. Mita 600 ni lita 18, na hapo hujahesabu hewa, tairi wala foleni. Anayeshuka na korosho, mteremko unambeba. Kwa hiyo tajiri mwenye lori anayegawa mafuta kwa kilomita, kiwango kimoja kwenda na kurudi, anamnyima wa saruji na kumzidishia wa korosho. Halafu anamsifu wa korosho kuwa ndiye mwaminifu.

Mteremko nao una watu wanaouchezea. Wapo wanaoamini kwamba ukiweka nyutro unaokoa mafuta. Kwenye injini za sasa zenye kompyuta mambo ni kinyume: ukiwa ndani ya gia na mguu umeutoa kwenye mafuta, noseli zinazopulizia mafuta kwenye injini zinafungwa kabisa, kwani magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka nyutro, injini inabidi ilishwe ili isizime. Tena umeipoteza breki ya injini, mzigo wote wa kuzuia tani 45 unaangukia breki za miguu, na breki zikishika moto hazishiki tena. Kwenye kona za kushukia Masasi hilo si suala la mafuta. Teremka na gia, ikibidi washa na eksozi breki, ile inayobana moshi ili injini izuie gari.

Jambo ninalolirudia darasani kuliko yote ni vijiji. Barabara zetu zina vijiji vingi, na kila kijiji kina kibao cha 50. Dereva anakuja na 80, anaona kibao kikiwa mbele ya kioo, anafunga breki, anapita, anakanyaga mpaka arudi 80. Kwa lori la tani 45, mchezo huo mmoja unagharimu karibu nusu lita. Nguvu uliyoinunua kwenye pampu imeishia kwenye breki kama joto. Simama baada ya vijiji vichache, sogeza kiganja karibu na gurudumu bila kuligusa, utahisi dizeli yako inavyofukuta pale. Dereva mzoefu anakijua kijiji kabla ya kibao. Kama kilomita moja nyuma anaachia mafuta, gari linajiendea bure, na kwenye kibao anafika na 50 bila kugusa breki. Na trafiki mwenye tochi ya kupimia mwendo hana la kumwambia.

Mwendo wenyewe? Sheria imeweka kikomo cha kilomita 80 kwa saa kwa gari linalozidi kilo 3,500. Ukipanda kutoka 80 hadi 90, ukinzani wa hewa unaongezeka kwa zaidi ya robo, na katika kilomita 100 umeokoa dakika 8. Chai ya Nangurukuru, njiani kwenda Dar, inazimaliza. Turubai lililolegea na kupigapiga nalo linaongeza ukinzani huo, lifungwe likaze.

Mchanga ni habari nyingine. Lori linalotoa korosho kwenye ghala la AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, kijijini kupeleka ghala kuu huweza kwenda kilomita chache tu za njia ya mchanga, na chache hizo zikala kuliko lami yote iliyobaki. Kwenye lami ngumu, kila tani inadai msukumo usiozidi kilo 10 hivi ili iviringike. Kwenye mchanga mlegevu tani hiyohiyo inaweza kudai kilo 100 na zaidi. Madereva wa huku hupunguza upepo wa tairi ili wavuke, nao hawakosei, kwani tairi pana haizami. Kosa ni kusahau kuurudisha wakishafika kwenye lami. Tairi yenye upepo pungufu inajikunja kila mzunguko, inachemka, na mwisho inapasuka ubavu. Kwa mafuta, kila paundi 10 za upepo zilizopungua zinakula kama asilimia 1 zaidi. Pima asubuhi tairi ikiwa baridi. Ukipima saa nane mchana kwenye jua la Lindi, kipimo kitakudanganya.

Chujio la hewa lililoziba vumbi nalo ni mlaji, hasa kwenye malori ya zamani. Ukiona moshi mweusi wakati wa kupanda, anzia hapo.

Nililibakiza la mwisho kwa sababu mzee hakutaka kuliamini. Lori kubwa lililosimama injini ikiunguruma linakula lita 2 hadi 4 kwa saa, kutegemea ukubwa wa injini na kama kiyoyozi kimewashwa. Foleni ya kushusha korosho ghalani inaweza kulaza dereva usiku mzima. Saa 10 kwa lita 3 ni lita 30, yaani kuliko zile lita 18 za kuipandisha saruji hadi Newala, na kilomita haijasogea hata moja. Dereva naye si mjinga: joto la mwezi wa 11 ni lile tunalolijua, mbu wapo, na betri imechoka, anaogopa akizima gari haliwaki. Betri mpya na chandarua ni kazi ya tajiri.

"Sasa akiniandikia saa za uongo?" mzee akauliza. Malori mapya yanatunza kwenye kompyuta saa ambazo injini imewaka gari likiwa limesimama. Tunaunganisha mashine ya kupimia, tunasoma. La kwake lilikuwa Fuso la zamani, halina hayo. Nikamwelekeza kipimo cha tangi: jaza pomoni kabla ya safari, jaza pomoni tena linaporudi, pampu ileile, gari limesimama palepale pa tambarare, maana tangi likiinama hewa hubaki juu na hesabu inapotoka. Afanye hivyo kwa madereva wote wawili, kila mmoja aende na saruji na kurudi na korosho.

Akachukua kalamu, akachora safu tatu mpya: mzigo, saa za kusubiri, na ya tatu akasita, hajui aipe jina gani.

"Weka P akipanda," nikamwambia, "na S akishuka."