Mkanda wa Mota Ukikwama Relini

Magari mengi yaliyouzwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 yana mkanda wa bega unaojifunga wenyewe. Ukifunga mlango na kuwasha swichi, mota huuvuta kutoka mbele kwenda nyuma kwenye reli iliyo juu ya mlango mpaka ukae sawa begani. Sheria ya huko ilitaka kinga isiyomsubiri dereva akumbuke, na wenye viwanda wengi wakaona mkanda huu ni nafuu kuliko mfuko wa hewa. Baadaye mfuko wa hewa ukawa lazima. Magari hayo sasa yamezeeka, na mota zake pia.

Mkanda ukigoma, usikimbilie kufungua plastiki za ndani. Sikiliza kwanza. Mota ikinguruma bila mkanda kusogea, umeme unafika. Huenda reli imejaa takataka, au utepe wa plastiki unaouvuta umekatika au kuisha meno. Ikiwa kimya kabisa, angalia fyuzi, kisha swichi ya mlango. Gari likiamini mlango uko wazi, mkanda utabaki mbele siku nzima, na taa ya mlango ikigoma kuzimika kwenye dashibodi, mchawi umeshamjua. Mota isiyonyamaza hata mkanda ukishafika mwisho ni dalili ya swichi ndogo ya mwisho wa reli kuharibika; hiyo mwachie fundi umeme.

Reli isafishe kwa brashi laini, kisha paka mafuta ya silikoni kidogo. Grisi hapana: inanasa vumbi na kuchafua nguo. Mkanda wenyewe uoshe kwa sabuni isiyo kali na maji ya uvuguvugu, ukauke kivulini. Ukiona nyuzi zimechanika, au gari limewahi kugonga, badilisha.

Kinachotutia wasiwasi zaidi si mota, ni mkanda wa kiunoni. Katika magari mengi ya aina hii huo haujifungi, na abiria akishaona bega limeshikwa hudhani kazi imekwisha. Gari likigonga, mwili huteleza chini ya mkanda wa bega, na shingo au ini ndivyo vinavyoumia. Ufunge kwa mkono kila safari.

Mkanda ukikwama nyuma, unaweza kuufunga na kuufungua kwa kifungio cha dharura mpaka umfikie fundi. Ukikwama mbele, haukukingi, gari lisitoke.