Ndoo, Maji ya Moto na Mlango wa Bafu: Kumlinda Mtoto Mdogo Nyumbani

Mtoto yuko kwenye beseni, taulo limesahaulika kitandani. Mzazi anajiambia, "Nalichukua, narudi sasa hivi." Sisi tunaohudumia watoto walioumia tumeyasikia maneno hayo mara nyingi, na mara nyingi aliyeyasema ni mzazi makini anayempenda mwanawe. Kwa hiyo sitaishia kukuhimiza uwe mwangalifu. Panga bafu na panga kuogesha kwenyewe, ili sababu ya kutoka isipatikane.

Kabla ya kumvua mtoto nguo, weka taulo, sabuni, nepi na nguo safi mahali mkono wako unapofika. Simu iache iite. Ukilazimika kutoka, mfunge mtoto kwenye taulo utoke naye. Usimwachie kaka au dada yake mdogo amwangalie. Huo si mzigo wa mtoto. Vile viti vya plastiki vya kuogeshea navyo havimzuii kuzama. Vinaweza kupinduka, na ubaya wake mkubwa ni kumfanya mzazi aone kwamba anaweza kugeuka kidogo.

Maji ya kina cha sentimita 5 yanatosha kumzamisha mtoto mdogo. Kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili. Akiinama kwenye ndoo kuchezea maji hutangulia kichwa, miguu ikabaki juu, na mikono yake haina nguvu ya kumwinua. Ndoo iliyojaa ni nzito, kwa hiyo haianguki naye. Wala hutasikia kelele, maana pua na mdomo vimo majini. Watu wengi hudhani anayezama hupiga mayowe. Mtoto huzama kimya, ndani ya dakika chache, huku watu wazima wako chumba cha pili. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, karibu robo ya vifo vyote vya kuzama duniani mwaka 2021 vilikuwa vya watoto wa chini ya miaka 5.

Basi mkimaliza kuoga au kufua, mwaga maji na ufudikize ndoo na beseni. Kama ni lazima kuhifadhi maji, tumia chombo chenye mfuniko unaobana ambao mtoto hawezi kuufungua. Funika choo cha kukaa. Kisha funga mlango wa bafu kwa komeo lililo juu, nje ya kimo cha mtoto. Kitasa cha ndani kiwe kinachoweza kufunguliwa kutoka nje, kwa kuwa watoto hujifungia.

Maji ya moto ni hatari ya pili, na hapa kipimo kina maana kuliko hisia. Ngozi ya mtoto ni nyembamba. Maji ya nyuzi joto 60 huiunguza vibaya kwa muda wa sekunde moja hivi, kabla hujawahi kumnyanyua. Hita ikiwa na sehemu ya kurekebisha joto, iweke isizidi nyuzi 49. Kwenye beseni tangulia kumimina maji baridi, ndipo uongeze ya moto na kukoroga vizuri. Ya kumwogesha yawe nyuzi 37 au 38. Kama huna kipimajoto, tumbukiza kiwiko, kwa kuwa kiganja cha mtu mzima kimezoea joto na hudanganya. Uyasikie vuguvugu tu. Usiongeze maji ya moto mtoto akiwa ndani.

Dawa za kusafishia choo na za kuzibua mabomba zifungiwe kabatini juu, zikiwa kwenye chupa zake za asili. Kuzihamishia kwenye chupa ya kinywaji ni kumtega mtoto. Akinywa, usimtapishe: dawa iliyounguza koo ikishuka huliunguza tena ikipanda. Mfute mdomo, chukua chupa ile ile, kimbilia hospitali. Dawa za binadamu zikae huko huko kabatini, pamoja na nyembe. Betri bapa, ndogo kama kitufe, zinazotumika kwenye baadhi ya mizani na vipimajoto, mtoto akizimeza zinaweza kutoboa njia ya chakula. Madhara makubwa huanza ndani ya saa 2. Hiyo ni dharura hata kama mtoto anaonekana mzima.

Sakafu ikaushwe, na ndani ya beseni kubwa kuwe na mkeka wa mpira usioteleza. Vifaa vya umeme visiingie bafuni kabisa.

Mtoto akiungua, mvue nguo zisizoganda kwenye ngozi na umwagie sehemu iliyoungua maji ya bomba ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mafuta. Funika kwa kitambaa safi, mpeleke hospitali.

Akizama, mtoe na umlaze chali mahali pagumu. Usimning'inize kichwa chini. Kama hapumui, mpulizie pumzi, kisha mkandamize kifua mara 30 kwa kila pumzi 2, huku mtu mwingine akiita msaada. Akizinduka apelekwe hospitali hata kama ameanza kucheza, kwa sababu maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumletea shida ya kupumua saa kadhaa baadaye.